Lori la kabureta linalokataa kukaa sailensi: tafuta chanzo kabla ya kushika bisibisi

Lori linawaka vizuri. Ukikanyaga mafuta linanguruma, linapanda mlima na mzigo wake bila kulalamika. Ukiachia mguu tu, injini inatetemeka kidogo kisha inazima. Wengi wetu hapo mkono unakwenda moja kwa moja kwenye skrubu ya sailensi, yaani ya mzunguko wa chini wa injini usipokanyaga mafuta: unaikaza mizunguko miwili, injini inashika, boneti inafungwa, safari inaendelea.

Naomba uache hiyo skrubu kwanza. Kuikaza hakutibu kitu. Kunafungua kipepeo cha mafuta, kile kibao ndani ya kabureta kinachofunguka ukikanyaga, kupita kiasi, na ugonjwa wenyewe unabaki pale pale ukiwa umefunikwa. Baada ya wiki kadhaa lori linakula petroli ovyo, ukizima swichi injini inaendelea kupiga yenyewe, na fundi atakayelipokea atakuta marekebisho yote yamevurugika, hajui aanzie wapi.

Ili ujue pa kutafuta, inabidi uelewe injini inakula nini mguu ukiwa juu. Kipepeo cha mafuta kikiwa kimefunga karibu kabisa, hewa inayopita kwenye koo la kabureta ni kidogo mno, haiwezi kuvuta petroli kutoka kwenye mdomo wa jeti kuu (jeti ni kitundu kinachopima petroli). Kinachofanya kazi ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa, kubwa iliyo chini ya kipepeo. Inavuta petroli kutoka kwenye bakuli la floti (boya linaloshika kiwango cha petroli) kupitia jeti ndogo ya sailensi. Petroli inachanganyika na hewa inayoingia kwa kitundu chake juu, inashuka kwenye njia nyembamba, na kutokea kwenye tundu lililo chini ya kipepeo. Ncha ya skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayopima kinachopita kwenye tundu hilo. Juu yake kidogo, usawa wa ukingo wa kipepeo, kuna mwanya mwembamba wa mpito ambao kazi yake ni kuongeza petroli pale unapoanza kukanyaga.

Sasa ukikaza skrubu ya sailensi hadi kipepeo kikaacha mwanya ule wazi, injini inaanza kula kutoka kwenye mwanya badala ya tundu lake. Kuanzia hapo skrubu ya mchanganyiko inakuwa pambo. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ni kipimo kizuri sana: ukizungusha skrubu ya mchanganyiko na injini isijali, basi ama njia ya sailensi imeziba, ama kipepeo kimefunguliwa mno, ama kuna petroli au hewa inayoingia kwa mlango mwingine.

Dalili inatokea lini?

Kabla ya kufungua chochote, jiulize tatizo linakuja wakati gani. Injini inayozima ikiwa baridi tu na kutulia ikipata joto, angalia choki, kipepeo cha juu kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi: pengine haifungi, au ngazi ya sailensi ya juu inayoendeshwa na choki haishiki. Hilo si gumu.

Inayokaa vizuri ikiwa baridi na kuanza kusumbua ikipata joto ina sababu nyingi zaidi. Choki inaweza kuwa haifunguki yote. Petroli inaweza kuwa inachemka bakulini kwa joto la manifodi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), hasa baada ya kusimama dakika kumi na kuwasha tena. Kagua kama kile kizuizi kinene cha joto chini ya kabureta bado kipo, maana kuna watu huweka gasketi nyembamba ya karatasi mahali pake. Tapeti (nafasi za valvu) zilizobana nazo hufanya hivyo: chuma kikipanuka valvu inakosa nafasi ya kufunga, na silinda inapoteza pumzi. Koili iliyochoka pia hupoteza nguvu ikipata moto.

Ikizima pale tu unapofunga breki kwa nguvu, fikiria vitu viwili: kiwango cha petroli kwenye bakuli la floti, ambacho kinayumba na kumwaga au kukauka, na kiwambo cha busta ya breki (kisaidizi cha breki kinachotumia vakyumu) kilichochanika. Kutofautisha ni rahisi. Lori likiwa limesimama, kanyaga breki na uishike. Injini ikibadilika mlio, busta inavuta hewa.

Na kama tatizo limeanza siku ile ile gari lilipotoka kufanyiwa kazi nyingine, rudi kwenye kazi hiyo. Mpira mmoja wa vakyumu uliosahaulika unatosha.

Kipimo cha choki

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Pasha injini joto. Ondoa kifuniko cha chujio la hewa uone kipepeo cha choki. Mtu mmoja aishikilie injini kwa mguu mwepesi isizime, wewe simama pembeni, usiinamie mdomo wa kabureta, na ufunge choki kwa mkono taratibu, robo kwanza, kisha nusu.

Injini ikitulia na mzunguko ukapanda, ilikuwa inakosa petroli au inapata hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Ikizidi kulegea na moshi mweusi ukatoka nyuma, petroli ilikuwa tayari imezidi. Isipopata nafuu yoyote na ikaendelea kumisi (kukosa mpigo) kwa mpigo ule ule, achana na kabureta kwa sasa. Nenda kwenye umeme na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kwa dakika mbili umepunguza upekuzi wako hadi theluthi.

Hewa ya wizi

Kwenye magari ya umri huu hapa ndipo ningeweka dau langu. Injini ikiwa sailensi inapumua hewa kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo unaharibu mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana lori linakwenda vizuri barabarani na kufia kwenye taa. Dalili zake ni mzunguko unaopanda na kushuka wenyewe, chafya kwenye kabureta, na mara nyingine mlio mwembamba wa kufyonza.

Anza na macho na vidole. Fuata kila mpira unaotoka kwenye manifodi na kwenye kitako cha kabureta: wa busta, wa distribyuta, wa kupumulia injini, na ile midogo isiyojulikana inaenda wapi. Pinda kila mmoja karibu na ncha. Mpira wa zamani unaonekana mzima ukiwa umenyooka, lakini ukiupinda nyufa zinafunguka, na mara nyingi ziko sentimita moja ya mwisho pale unapovaa bomba.

Kisha ziba mmoja mmoja injini ikiwa inazunguka, kwa koleo yenye kitambaa ili usiukate. Ukibana mpira wa busta na injini ikatulia, umempata. Ukibana ule wa distribyuta na ikatulia, kiwambo cha kuvuta taimingi (wakati wa cheche) kimetoboka. Hakikisha kwa kuunyonya mpira kwa mdomo, unatakiwa kushika mvuto bila kuachia. Valvu ya kupumulia injini itoe na uitikise: ikiwa nzima utasikia kitu kinagonga ndani. Ikiwa kimya imeganda kwa uchafu, na ikiganda wazi inaingiza hewa nyingi kuliko inayotakiwa. Malori mengi ya Marekani yaliyotengenezwa kuanzia 1973 yana pia valvu ya kurudisha moshi kwenye manifodi. Masizi yakiizuia kufunga, moshi unaingia sailensi na injini inayumba kama imevuta hewa. Sukuma pini yake kwa kidole, injini ikiwa imezimwa na baridi; inatakiwa itembee na kurudi kwa nguvu ya springi.

Baada ya mipira kuna gasketi. Zinavuja kitakoni mwa kabureta na pale manifodi inaposhika silinda hedi. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka maeneo hayo na kusikiliza. Inafanya kazi, ila unapuliza kitu kinachowaka juu ya manifodi ya moto na karibu na nyaya za plagi. Maji kwenye chupa ya kunyunyizia yanatosha kwa sehemu kubwa: maji yakiziba ufa, mlio hubadilika kwa sekunde moja au mbili. Vyovyote utakavyotumia, kizima moto kiwe karibu, kazi ifanyike nje na si ndani ya banda, na tairi ziwekewe kabari.

Usikimbilie kukaza nati za kabureta kwa nguvu. Kitako cha alumini kikikazwa mno kwenye gasketi laini, masikio yake yanapinda, na baada ya hapo hakuna gasketi itakayoziba. Kiweke juu ya kioo bapa na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake uone.

Kuna uvujaji mmoja ambao gasketi mpya hazitauponya. Shika mkono wa kipepeo cha mafuta na uutikise juu na chini, kulia na kushoto. Ukiona mhimili unacheza ndani ya tundu lake, hewa inapita hapo, na kwa sababu mhimili hautui mahali pamoja, kila ukiachia mafuta sailensi inarudi kwenye kiwango tofauti. Lori la namna hii linaweza kurekebishwa vizuri asubuhi na likakataa mchana. Dawa ni kutoboa na kuweka bushi mpya, kazi ya fundi wa mashine.

Njia ya sailensi iliyoziba

Kama hewa ya wizi haipo na choki iliisaidia injini, sasa fungua kabureta. Lakini ngoja: nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata petroli ya sailensi, zikiwemo za Toyota Hilux zenye injini ya 22R. Washa swichi bila kupiga stata na usikilize. Lazima itoe mlio mdogo wa "tik". Ikiwa kimya, ondoa waya wake na uipe moja kwa moja volti 12 kutoka betri, huku injini haizunguki na hakuna petroli iliyomwagika. Ikigonga, tatizo ni fyuzi au waya. Isipogonga, imekufa. Kuna wanaokata ncha ya pini yake ili petroli ipite muda wote. Lori litakaa sailensi, ila ukizima swichi litaendelea kukohoa, kwa sababu ulichokiondoa ndicho kilichokuwa kinazuia hilo.

Jeti ya sailensi ndiyo njia nyembamba kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayoziba kwanza. Petroli iliyokaa miezi bila kutumika inaacha utomvu wa rangi ya kahawia, na chembe moja ya kutu kutoka tangi inatosha. Itoe, ielekeze kwenye mwanga. Usiuone tu mwanga ukasema iko sawa; tundu linatakiwa liwe duara kamili lenye ukingo safi. Usiingize waya wa chuma. Jeti ni shaba, waya unaikwangua na kuipanua, na ukubwa wake wa kiwandani hautarudi. Loweka kwenye dawa, puliza kwa hewa ya kompresa, rudia.

Kusafisha jeti peke yake hakutoshi. Toa skrubu ya mchanganyiko, weka mrija wa dawa kwenye tundu lake na upulize. Dawa inatakiwa itoke kwenye tundu lililo chini ya kipepeo, kwenye mwanya wa mpito, na juu kwenye kitundu cha hewa. Vaa miwani, maana inaweza kurukia usoni kutoka mahali usipotazamia. Tundu lisilotoa kitu ndipo kilipo kizuizi.

Ukiwa umeishika ile skrubu, itazame ncha kwa karibu. Ncha nzima ni koni laini. Ukiona pete imechimbika kuizunguka, kuna mtu aliikaza kwa nguvu hadi mwisho, na tangu siku hiyo haijaweza kupima vizuri: ukifungua kidogo inatoa nyingi, ukifunga kidogo inakata. Nunua nyingine, na kagua kama tundu lenyewe halijapasuka.

Petroli ikizidi

Choki ilipoifanya injini iwe mbaya zaidi, plagi zikiwa na masizi makavu meusi, harufu ya petroli ikikusalimu unapofungua boneti, tafuta mahali petroli inapotoroka. Chungulia ndani ya koo la kabureta kwa tochi injini ikiwa sailensi. Mdomo wa jeti kuu unatakiwa uwe mkavu. Mdomo huo ukidondosha petroli, bakuli limejaa kupita kiasi: sindano ya floti imechakaa au ina uchafu, floti imetoboka, au pampu inasukuma mno. Floti ya shaba itikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, imekwisha. Pampu za kabureta nyingi zinafanya kazi kati ya psi 3 na 6, na pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la mfumo mwingine inaweza kuishinda sindano kabisa.

Kabureta za Holley zina valvu ya nguvu yenye kiwambo, na injini ikipiga chafya kali kiwambo hicho kinaweza kuchanika, hasa zile za zamani. Kaza skrubu zote za mchanganyiko hadi mwisho, kwa wepesi. Kama kipepeo hakijafunguliwa mno na injini bado inaendelea kuzunguka, shuku valvu hiyo. Kwa Quadrajet ya Rochester, iliyofungwa kwenye malori mengi ya Chevrolet na GMC, vizibo vya visima vya petroli chini ya bakuli huvuja kwa uzee. Petroli inashuka kwenye manifodi hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi bakuli linakuwa tupu.

Umeme

Mafundi wazoefu watasema ningeanza hapa, na kwa lori lenye pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa koili ndani ya distribyuta, wana haki. Kiatu cha pointi kikilika, mwanya unapungua na taimingi inarudi nyuma kidogo kidogo, bila kelele, hadi sailensi inadondoka. Mwanya wa pointi kwa injini nyingi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, fuata kitabu cha gari lako. Kisha shika rota (kipande kinachozunguka chini ya kepu ya distribyuta) na uicheze pembeni. Mhimili wa distribyuta ukicheza, mwanya unabadilika kila mzunguko na kila silinda inapata taimingi yake.

Tafuta pia chini ya sahani ya pointi: vile vizito vinavyovuta taimingi mbele vinaganda kwa kutu, na springi zake zikilegea au kukatika, taimingi inacheza hata sailensi. Rota ukiizungusha kwa mkono na kuiachia, lazima irudi yenyewe. Pima taimingi kwa taa, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa isipokuwa kitabu kikisema vingine. Kepu, nyaya na plagi nitazipita haraka: nyufa, nyufa, masizi.

Injini yenyewe

Geji ya vakyumu ni kifaa cha bei ndogo kinachosema mengi. Ichomeke kwenye manifodi. Injini nzima usawa wa bahari huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano imetulia. Toa karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Sindano ikitulia chini ya hapo, fikiria taimingi iliyochelewa, hewa ya wizi, au cheni ya taimingi iliyolegea. Ikidondoka kwa mpigo ule ule unaojirudia, kuna valvu isiyofunga. Hapo pima tapeti, kisha kompresheni: plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, betri ina chaji. Silinda iliyo chini kwa robo au zaidi kuliko ile ya juu kabisa haiwezi kuchangia sailensi, na kabureta mpya haitaisaidia. Mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena. Kipimo kikipanda sana ni ringi, kisipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Sasa shika bisibisi

Chanzo kikishapatikana, ndipo marekebisho yana maana. Legeza skrubu ya sailensi hadi iache kugusa, kisha irudishe iguse na kuongeza mzunguko mmoja hivi. Funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi ikae bila kukazwa, ifungue mizunguko 1.5. Washa, subiri injini ipate joto kamili, choki iwe wazi yote na chujio la hewa liwe mahali pake.

Ingiza skrubu ya mchanganyiko robo robo hadi injini ianze kulegea, kisha itoe hadi ipate mzunguko wa juu kabisa au geji ionyeshe mvuto mkubwa zaidi. Mzunguko ukipanda, punguza kwa skrubu ya sailensi hadi kiwango cha kitabu, ambacho kwa malori mengi ni kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika, kisha rudia mchanganyiko. Kila ukirudia, kila skrubu itahitaji kuguswa kidogo zaidi, hadi zote mbili zitakapokubali. Kabureta yenye skrubu mbili za mchanganyiko izungushe zote kwa kiasi sawa.

Piga resi mara kadhaa na uachie ghafla. Mzunguko urudi pale pale kila mara, bila kukawia na bila kuzama. Ukikawia kushuka, kagua kebo ya mafuta na springi ya kurudisha kabla ya kugusa skrubu tena. Choki iangalie kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu ngazi ya sailensi ya juu ina skrubu yake.